Kamionete Iliyoishi kwa Shangazi Zaina

Mwezi uliopita Papa Kazadi alikuja Lubumbashi kutibiwa macho. Siku hizi anaishi Likasi kwa binti yake, na ndevu zake zimekuwa nyeupe zote. Nilimpokea kwenye kituo cha mabasi kwa gari langu la kufundishia, lile lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa, na njia nzima nilikuwa nikiutazama kwa pembe ya jicho mguu wake wa kulia. Kila barabara ilipoinama kidogo, kila mtu alipovuka mbele yetu, mguu ule ulikanyaga sakafu, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo, na mimi sikumwambia. Aliniuliza kama nimetazama chini ya gari kabla ya kutoka. Nikamjibu kwamba nimetazama. Kisha akauliza, na tiyo za breki za nyuma? Nikasema hata za nyuma, Papa. Basi akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, nami nikacheka hadi nikalazimika kusimamisha gari kando ya barabara. Jioni ile mezani, tukila bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, hatukuzungumza kabisa habari za macho yake. Tulizungumza juu ya mwaka ambao kamionete yake, gari lake dogo la mizigo, iliishi kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule na sijui la kufanya, ndipo nikahamia mtaa wa Makomeno kwa Shangazi Zaina. Alikuwa fundi wa kushona, mjane, mtu wa swala tano na maneno machache. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na baraza pana yenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Chumba nilicholala kilijaa vitambaa hadi dirishani, na asubuhi niliamka nikinusa chaki ya kukatia nguo na chai ya tangawizi. Lupango yetu, yaani kiwanja na vyote vilivyokuwa ndani yake, ilizungushiwa ukuta wa matofali ya kuchoma uliokuwa mrefu kuliko mtu. Ule ukuta Shangazi aliujenga mwenyewe, kwa kazi ya mikono yake, mwaka baada ya mwaka, na aliupenda. Ulikuwa na mlango mmoja mwembamba wa chuma, wa kupita mtu na baiskeli yake. Majirani tuliwajua kwa sauti. Upande wa kulia kulikuwa na redio, upande wa kushoto kulikuwa na mama aliyeimba nyimbo za kanisani akitwanga. Nilikaa miezi miwili nikiwasikia kila siku, na sura zao sikuwa nimeziona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mvua za kwanza zimeshaanza. Nilikuwa nimekaa chini karibu na ukuta nikisugua sufuria kwa majivu. Shangazi akaniita kwa jina, Sakina, nikamshikie kitambaa cha kijani cha arusi fulani, maana ni kirefu na hakutaka kiguse sakafu. Niliinuka nikinung'unika, kwa sababu sufuria ilikuwa bado. Sikufika barazani. Nyuma yangu nilisikia honi isiyokatika, kisha kishindo, kisha matofali yakianguka kama mtu anayemwaga gunia la mawe. Nilipogeuka, ukuta haukuwapo pale nilipokuwa nimekaa. Palikuwa na kamionete ya buluu, pua yake imezama katika rundo la mchanga ambalo Shangazi alilinunua ajengee bafu, kamba ya nguo imeizunguka, na suruali mbili za wateja zimetulia juu ya kioo. Kutoka nyuma yake magunia yalikuwa yameruka na kupasuka, na lupango nzima ilijaa bitoyo, wale samaki waliotiwa chumvi na kukaushwa wanaoletwa kutoka Pweto, mbali huko penye ziwa. Mlango wa dereva, shofere kama tunavyosema sisi, ulifunguka. Akashuka mtu mrefu mwembamba, akatazama huku na huku, na jambo la kwanza alilofanya ni kutusalimia. Jambo la pili, alikaa chini katikati ya samaki wake na kushika kichwa.

Huyo ndiye Papa Kazadi. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa mjini, na kazi yake ilikuwa kwenda Pweto kununua samaki na kurudi kuwauza sokoni. Shangazi alimpa maji ya kunywa, akasubiri amalize, kisha akamuuliza ilikuwaje. Alisema alikuwa akishuka barabara yetu polepole kuelekea kwenye robine, lile bomba ambapo mtaa mzima huteka maji, akakanyaga breki, na pedali ikaenda moja kwa moja hadi sakafuni, laini, kama kukanyaga matope. Alikanyaga tena na tena, hakukuwa na kitu. Hapo akaona ukuta wetu, akakata usukani. Shangazi alikwenda mahali nilipokuwa nimekaa, akaondoa matofali moja baada ya jingine, akaichomoa ile sufuria. Ilikuwa imebapa kama sahani. Aliishika kifuani muda mrefu, akinitazama mimi, na nikaona midomo yake ikitembea katika dua. Papa Kazadi akaanza kusema kwamba ukuta ataujenga, nguo atazilipa, kesho mapema ataleta watu waivute kamionete. Shangazi akamkatiza bila kupandisha sauti.

"Papa, mutoka yako imekuya hapa yenyewe," alisema. "Lakini kutoka, mi njo nitasema siku yake. Haitatoka mu lupango yangu mbele freni yote ikuwe mupya." Freni ndizo breki kwa Kiswahili chetu, na "mbele" ni kabla.

Kesho yake alikuja Fundi Mwape, kijana mnene mwenye sauti ndogo ambaye wafanyabiashara wa samaki walimwamini. Alilala chali chini ya gari, nasi wote tukainama kutazama. Kwa nje ile tiyo inayopeleka mafuta ya breki magurudumu ya nyuma haikuonekana kuwa na shida. Ilikuwa imefunikwa na tope la zamani na rangi nyeusi. Fundi Mwape akaikwangua kwa bisibisi, na kutu ikaanguka magamba magamba usoni pake. Alieleza kwamba maji ya chumvi ya samaki yalikuwa yakipenya kati ya mbao, safari baada ya safari, yakitua pale ambapo tope linakaa chini ya vibanio, na chuma kinaliwa taratibu bila kelele hadi siku unapokanyaga kwa nguvu. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, mafuta yote ya breki yalipita njia moja, kwa hiyo tundu moja lilitosha kuyamaliza. Shangazi akaomba aonyeshwe tundu. Akavuta sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye nguo yake begani, akaigusisha pale, nayo ikaingia. Akaichomoa, akaiangalia, akauliza kama zile tiyo nyingine ni za umri mmoja na hii. Fundi Mwape akasema ndiyo, Mama. Papa Kazadi akasema kwamba wenzake wote wakipasukiwa hubana ile ya nyuma kwa koleo, wakaenda na breki za mbele tu, na wanafika. Shangazi akamjibu kwamba yeye ameshona viraka miaka mingi, na nguo iliyooza ukiitia kiraka hupasuka pembeni ya kiraka. Kisha akaenda kuswali.

Tatizo likawa hili: gari lilikuwa ndani, mlango wetu ni wa kupita baiskeli, na njia pekee ya kulitoa ilikuwa lile tundu la ukutani. Kwa hiyo ukuta haukuweza kujengwa kabla breki hazijapona. Na breki hazikupona upesi. Tiyo mpya za kufaa hazikuwa zikipatikana mjini, Fundi Mwape alizikusanya moja moja, hii kwa rafiki anayekwenda Zambia, ile kwa mtu aliyefunga karakana yake. Kila wiki Papa Kazadi alisema ni wiki hii, na mvua zikaendelea kunyesha juu ya ile kamionete ya buluu.

Nikitafakari sasa, naona kwamba mji wangu niliufahamu kupitia lile tundu. Siku za kwanza watu walipita tu wakichungulia. Kisha mama wa upande wa kushoto, yule mwimbaji, akaingia kuomba chumvi, akakaa hadi saa ya kupika. Wanafunzi wakagundua kwamba kukatisha kwetu kunafupisha njia ya kwenda shule. Paka wa Makomeno yote walihamia chini ya gari kwa sababu ya harufu ya bitoyo, ambayo haikutoka hata baada ya mvua kubwa. Wateja wa Shangazi, ambao zamani walibisha hodi na kusubiri, sasa waliingia wakianza kuzungumza tangu barabarani, na wakaongezeka, kwa kuwa mtu akipita anaona nguo zinavyoshonwa. Shangazi mwenyewe, aliyekuwa akila nami kimya, akaanza kupika sufuria kubwa zaidi bila kusema kwa nini. Jioni Papa Kazadi alipokuja kuwasha injini ili betri isife, alikuta sahani yake imefunikwa. Mkewe, Mama Ngalula, akaona haifai mume wake ale kwa watu mikono mitupu, akaanza kuja naye akileta mboga za lengalenga zilizopikwa kwa karanga. Hatukuwa tukila nyama kwao wala hawakutualika kuila, walijua mambo yetu, walileta mboga na samaki. Ramadhani ilipofika Mama Ngalula alikuwa akiuliza mapema jua litatua saa ngapi ili chungu chake kisipoe.

Katika jioni hizo ndipo nilipoanza kukaa kwenye usukani. Ilianza kama mchezo. Papa Kazadi aliwasha injini, akaniita niikanyagie mafuta kidogo yeye akisikiliza mlio, siku nyingine akanionyesha klachi. Magurudumu yalikuwa yamezuiwa kwa matofali ya ukuta wetu, nami nilikwenda Pweto na kurudi nikiwa pale pale. Yeye alikaa kando yangu akiieleza barabara kutoka kichwani: hapa kuna mchanga, shuka gia ya pili, hapa mbuzi, punguza, hapa mvua imekata njia, shika kushoto. Nilibadili gia kwa kila alilosema. Alikuwa mwalimu mwenye subira, hakuwahi kuniambia kwamba ni kazi ya wanaume. Alirudia jambo moja tu bila kuchoka, kwamba gari husimamishwa na akili kabla ya mguu. Shangazi alitutazama kutoka kwenye cherehani yake. Nilifikiri atanikataza. Siku moja alinishonea suruali pana ya kuvaa chini ya gauni, akaiweka kitandani kwangu, na hapo nikajua ameniruhusu.

Msimu wa samaki wengi ulipokaribia, Papa Kazadi alibadilika. Alikuwa akikodi nafasi katika magari ya wengine, na wakati mwingine samaki wake waliachwa njiani. Alikuja amenuna, akazunguka gari lake, akasema tiyo tatu kati ya nne zimekwisha kuwekwa, hiyo moja iliyobaki ina shida gani. Jioni moja nilikuwa chumbani nikikunja vitambaa, na nyuma ya dirisha, jikoni, Shangazi alikuwa na Mama Ngalula. Walidhani nimetoka. Mama Ngalula alikuwa akichambua lengalenga, nilisikia mabua yakikatika, na alizungumza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama Zaina, asikudanganye, usimupe," alisema. "Akiendaka Pweto, mi silalaka. Miaka yote njo vile. Ile mutoka ikiwa hapa kwako, mi nalala. Bwana yangu akuwe na hasira, lakini akuwe muzima."

Nilisikia Shangazi akisema kwamba basi hasira hiyo ije kwake, yeye haogopi, mwenzake asijulikane katika jambo hili. Wakaendelea na mboga, wakahamia kwenye habari za bei ya mkaa. Nilibaki na kitambaa mkononi. Kabla ya hapo niliamini Shangazi anamshikia Papa Kazadi gari kwa ajili ya ukuta wake na ile sufuria.

Siku chache baadaye Papa Kazadi alifika asubuhi na wanaume wanne, kamba nene na koleo. Alikuwa amekata shauri: ile tiyo ya mwisho aibane, aondoke siku hiyo hiyo. Alizungumza kwa heshima, lakini hakukaa. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliniita tuishike cherehani, mmoja huku, mmoja huku, tukaibeba hadi kwenye lile tundu la ukutani na kuitua katikati. Akaleta kiti chake, akaketi, mgongo upande wa barabara, uso upande wa gari, akaanza kushona. Alishona kola, akashona mikono, akashona vifungo. Wale wanaume walisimama kwanza, kisha wakachuchumaa, kisha wakasogea kivulini. Hakuna aliyeweza kumgusa mama wa umri ule aliyeketi kwenye kazi yake. Mama Ngalula alifika na chakula, akakuta mambo yalivyo, akawapakulia watu wote bila kumtazama yeyote. Walipomaliza kula walimuaga Shangazi kwa adabu na kwenda na kamba yao. Papa Kazadi alibaki amesimama peke yake, na hasira yake ikaonekana kumwisha mikononi. Alikuja akakaa juu ya matofali, karibu na cherehani.

"Mama, mi sikukuambia yote," alisema. "Siku ile, mbele ya kukata ku ukuta wako, niliona batoto ku robine, banashota mayi. Bengi. Nilikanyaga, haina kintu. Mpaka leo nikifunga macho, beko pale."

Cherehani ilisimama. Mama Ngalula akaweka sahani chini. Na yeye, ambaye Shangazi alikuwa ameahidi kumficha, akasema mwenyewe mbele ya mumewe kwamba ndiye aliyeomba gari lisitoke. Nilingoja fujo. Papa Kazadi akamgeukia mkewe, akauliza ni tangu lini hulala vibaya. Mama Ngalula akasema tangu walipooana. Mume akasogea, akampa nafasi kwenye matofali, wakakaa wote wawili bega kwa bega, na Shangazi akanikonyeza tuingie ndani.

Tiyo ya mwisho ilipatikana mwanzoni mwa kiangazi. Fundi Mwape aliifunga, akabadilisha na vibanio vyote, akatandika bati chini ya mbao ili maji ya samaki yasishuke tena kwenye chuma. Siku ya kujaribu, mtaa mzima ulikuwepo. Mimi niliwekwa kwenye pedali nikanyage na kuachia, nikanyage na kushikilia, Fundi Mwape akiwa chini akitoa hewa kwenye mafuta, na polepole nikaisikia ile pedali ikipata nguvu chini ya mguu wangu, ikigoma, ikinirudisha. Mpaka leo sijawahi kuweza kuwaeleza wanafunzi wangu furaha ile. Nawaambia tu walale chini ya gari kwanza, wakwangue, waguse kwa vidole, ndipo niwape ufunguo. Wengine hunung'unika kwamba wamekuja kujifunza kuendesha. Nawaacha wanung'unike.

Kamionete ilitoka kwa njia ile ile iliyoingilia, watu wakipiga vigelegele, na Papa Kazadi akamwomba Shangazi awe abiria wa kwanza. Mama Ngalula ndiye aliyemsukuma akubali, alisema mumewe husikiliza akiwa na Mama Zaina karibu. Shangazi hakuwahi kuliona ziwa. Tukaondoka alfajiri kuelekea Pweto, watatu mbele, Fundi Mwape nyuma amelala juu ya magunia matupu. Tulipita vijiji, tukanunua mihogo ya kuchoma, tukala vumbi la malori. Upande wa pili wa Kasomeno tukafika kwenye mteremko mrefu wenye daraja la mbao chini kabisa, na mto ukimeta. Papa Kazadi akashuka gia, akakanyaga, na kamionete ikatii. Akakanyaga tena, ikatii tena. Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo wa mayai, na tulipofika darajani alisimamisha kabisa, akaachia usukani, akapangusa uso. Nyuma Fundi Mwape aligonga paa kwa furaha. Ndipo tulipomtazama Shangazi. Alikuwa bado amefumba macho, mikono imeshika shela yake.

Alifumbua, akaona mto. Akageuka kuutazama mlima nyuma yetu.

"Sikuone kintu," alisema. "Turudie. Na safari hii Sakina njo aendeshe."

Papa Kazadi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Basi tukageuza, tukapanda tena mlima wote ule, huku wanawake waliobeba mihogo wakitushangaa, na juu kabisa tukabadilishana nafasi. Nilikaa mahali pale nilipokaa miezi yote ile bila kusogea hata hatua moja. Niliondoa mguu kwenye klachi na dunia ikaanza kutembea. Nilishuka gia kabla ya mteremko, nilikanyaga mapema na kidogo kidogo, Papa Kazadi akiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Shangazi alikuwa amefungua macho yake yote mawili. Aliinama mbele kama anayesoma, akaiona miti, akaiona njia, akauona mto ukija, na tulipovuka daraja na kusimama ng'ambo, akafungua chakula alichofungiwa na Mama Ngalula. Akamega bukari, akaweka samaki juu yake. Papa Kazadi, aliyekuwa mkubwa kati yetu na mwanaume pekee pale mbele, alinyoosha mkono kupokea. Shangazi akaupita mkono wake, akanipa mimi.

"Ungoje kidogo, Papa," akamwambia. "Shofere njo anakulaka wa kwanza."